Senge Aliyekaanga Udongo

Juzi nilikwenda kumtembelea mwanangu kule Mountain View, na hata kabla sijavua viatu mlangoni nikajua kuna udongo unaokaangwa mle ndani. Mke wake alikuwa ameujaza kwenye trei ya keki na kuutia katika oveni. Alinieleza kwa furaha kwamba anajifunza kuotesha miche ndani ya nyumba, na kwamba udongo ukipitishwa motoni kwanza, miche haishikwi na magonjwa. Nilimwambia ni jambo zuri. Kisha nikatoka nikakaa nje kwenye ngazi, kwa sababu harufu ile ya udongo mbichi unaoanza kupata moto, nusu mvua na nusu moshi, haijawahi kuniingia puani bila kunirudisha utotoni, mtaa wa Jamhuri hapa hapa Nairobi, kwenye chumba chetu cha nyuma, kwa dada yangu Mulongo.

Mimi ni mtu wa kushuku, na wanaonijua hawabishi. Muuza mboga akinichekea sana, nageuza kila nyanya niangalie chini yake. Mtu akiniambia nisiwe na wasiwasi, hapo ndipo naanza kuwa nao. Watoto wangu hunitania kwamba hata mchungaji akisema amina, mimi nangoja kwanza nione. Lakini sikuzaliwa hivi. Nilifunzwa, na aliyenifunza ni Senge, ingawa maskini hakujua kwamba alikuwa anafunza.

Senge ni shangazi, dada ya Baba. Sisi ni Wabukusu, na kwetu pacha anayetangulia kutoka tumboni huitwa Mukhwana, anayemfuata huitwa Mulongo. Kwa hiyo mimi nilikuwa Mukhwana na dada yangu alikuwa Mulongo. Majina ya ubatizo tulikuwa nayo, ila yalikaa kwenye vyeti ndani ya sanduku la Baba na hakuna aliyeyasumbua. Nilimtangulia mwenzangu kwa dakika chache tu, lakini ungetuona ungedhani nimemtangulia mwaka mzima. Mimi nilikuwa na mashavu na miguu ya kukimbia. Yeye alikuwa mrefu, mwembamba, ngozi imepauka kwa kukaa ndani, na kifua chake kilipiga mluzi akitembea kutoka kwetu mpaka barabara ya Ngong. Kila Julai, Nairobi ilipokaa wiki nzima bila kuona jua, Mama alimvisha sweta mbili, akafunga dirisha, kisha akafunga na pazia. Shuleni alikwenda siku mbili, akakosa tatu.

Tulikuwa na miaka minane Senge alipokuja. Baba, aliyekuwa karani katika ofisi moja mjini, alikwenda kumpokea kwenye stendi ya mabasi, wakarudi na sanduku moja la mbao na gunia dogo. Mama aliliminya lile gunia akitarajia mahindi au maharagwe ya nyumbani. Mkono wake ulizama ndani ya kitu laini.

"Hii ni nini?"

"Mchanga," Senge akasema. "Mchanga ya chini ya migomba. Iko na nguvu."

"Umetoka Bungoma na mchanga? Nairobi haina mchanga?"

Senge alicheka. Alikuwa na kicheko cha taratibu, cha mtu asiyekuwa na haraka ya kueleweka. Mama hakucheka, na mimi nilipoona Mama hacheki, sikucheka pia.

Kesho yake nilimsikia Mama akimweleza Mama Wairimu kwenye ua wa michongoma uliotutenga. Mama Wairimu alikuwa jirani yetu, Mkikuyu wa Dagoretti, mwenye shamba kwao na maoni kuhusu kila jambo. Habari yenyewe ilikuwa kwamba Senge alikuwa ameolewa miaka kumi bila kupata mtoto, na mume amemrudisha kwao.

"Na sasa amekuja kwa nyumba iko na watoto wawili," Mama akasema.

"Wawili wa siku moja," akajibu Mama Wairimu. "Mama Mapacha, wewe chunga. Mtu kama huyo anaangalia, anasema, huyu mmoja si ni wa ziada?"

Neno hilo la ziada lilinikaa kichwani. Nilijua vizuri ni nani kati yetu angeitwa wa ziada. Halafu jioni ile ile, tukiwa mezani, Baba akasema kama mtu anayesema jambo dogo kwamba hewa ya nyumbani ingemfaa Mulongo, na Senge akasema ndiyo, huko kuna jua la kutosha. Mama aliweka mwiko chini. Basi nikawa nimeshamaliza hesabu zangu: Senge alikuwa amekuja kumchukua Mulongo. Nikaapa moyoni kwamba hatampata.

Usidhani nilikuwa mtoto mwema wa kumtetea mnyonge. Nilimtaka Mulongo kwa ajili yangu. Tulilala kitanda kimoja, na sikujua kulala bila mluzi wa kifua chake. Kama angeondoka, ningekuwa Mukhwana wa nani?

Senge alilala chumba chetu, kitanda cha upande wa pili, na siku ya tatu akaanza kazi yake. Alikuwa ameahidiwa kazi Kitisuru, kwa mama mmoja mwenye bustani kubwa aliyetaka mtu wa kumtunzia miche. Yule mama alisema anataka kuona mikono yake kwanza: amletee miche sitini ya nyanya, yenye afya, kabla ya mvua fupi, ndipo ampe kazi na chumba cha kulala. Nje ya nyumba yetu kulikuwa na baridi, konokono, na kuku wa Mama Wairimu. Kwa hiyo Senge angeotesha ndani, kwenye dirisha letu, lililopata jua la asubuhi. Hayo yote yalielezwa waziwazi, mbele ya kila mtu, na mimi sikuamini hata kidogo.

Ungeamini wewe? Jumatatu nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amechutama mbele ya jiko la makaa, na ndani ya sufuria ya Mama, ile kubwa ya wageni, alikuwa anakaanga udongo. Akiukoroga kwa mwiko. Akiunyunyizia maji ukatoa mvuke. Kila baada ya muda aliinama kuunusa, kama vile Mama anavyonusa vitunguu kujua kama vimeiva.

"Senge, unapika nini?"

"Mchanga, Mukhwana. Iko na ugonjwa ndani, inaangusha mtoto shingo. Lazima nichome kwanza."

Alimaanisha ule ugonjwa unaooza shina la mche mchanga pale linapogusana na udongo, hata ukaanguka kama mtu aliyezimia. Mimi nilisikia mtoto na shingo tu. Na sikuwa peke yangu. Mama Wairimu alikuwa anachungulia juu ya ua, kidevu kwenye michongoma.

"Mama Mapacha! Mama Mapacha, kuja! Huyo mgeni yako anapika mchanga! Mimi naona na macho yangu!"

Mama alikuja, akaona, akachukua sufuria yake, na baadaye akaisugua kwa majivu mara tatu. Tangu siku ile akawa anaonja mboga mwenyewe kabla ya kutupakulia, hata zile alizopika yeye.

Maziwa siku zile yalikuja kwenye pakiti za karatasi ngumu zenye pembe tatu. Senge alizikusanya nyumba kwa nyumba, akazikata vichwa, akazitoboa chini, akazijaza udongo wake uliokaangwa. Alizipanga ndani ya makarai yenye maji kidogo, kwa sababu alisema mche unywe kutoka chini ili mizizi ijue kutafuta. Nyuma ya makarai akasimamisha ubao wa sanduku la majani ya chai, ule wenye karatasi ya fedha inayong'aa, ili mwanga wa dirisha ugonge hapo na kuirudia miche kwa nyuma. Chumba chetu kikawa kinameta. Nikifungua mlango niliona uso wangu umejikunja kwenye ile karatasi, na nyuma ya uso wangu alikuwako Mulongo, amekaa kwenye kiti, anatazama.

Maana huyo ndiye aliyenitia hofu kuliko Senge. Mulongo alifurahi. Mimi nilipokuwa shuleni wao walikuwa pamoja siku nzima, na nikirudi nilikuta wameshajua mambo nisiyoyajua. Miche ilipochomoza, kila siku waliizungusha pakiti nusu mzunguko, kwa sababu mche huinamia dirishani, na usipougeuza unakua umepinda. Kila asubuhi Senge aliipitishia kiganja juu juu, akiiyumbisha taratibu mstari mzima, akisema shina likisukumwa linakaza. Kisha kwa kiganja hicho hicho alimpapasa Mulongo mgongoni, akamshika kifundo cha mkono kati ya vidole viwili, kama anayepima.

"Huyu amerefuka bure," alimwambia Mama siku moja. "Si ugonjwa pekee. Anatafuta mwanga. Ukificha kitu ndani ya giza, inarefuka, haina nguvu. Mtoe nje kidogo kidogo. Leo dakika tano, kesho kumi, azoee baridi."

"Nimemlea miaka nane bila wewe," Mama akasema, akafunga pazia.

Senge akangoja Mama arudi jikoni, akalifungua. Vita vya lile pazia vilidumu wiki nyingi. Mimi nilikuwa upande wa Mama, na nilipobaki chumbani peke yangu nililifunga. Mara moja Mulongo alinikuta nikilifunga. Alilifungua tu, akakaa tena kwenye kiti chake na uso wake juani, macho ameyafumba.

Leo naweza kusema kwamba mluzi wa kifua chake ulikuwa umepungua. Wakati ule niliona umepungua, na badala ya kushukuru, nilijiuliza Senge ameupeleka wapi.

Ikafika Ijumaa moja ya Septemba. Mama alinituma nimwite Baba aje kula. Baba alikuwa chumba cha nyuma anatazama miche, mlango haujafungwa vizuri, na nilipofika kwenye ukumbi nikasikia jina la dada yangu. Nikasimama. Kusimama nje ya mlango ilikuwa tayari tabia yangu.

"Wamekuwa wakubwa," Baba alikuwa anasema.

"Wakubwa, lakini wanabanana," Senge akajibu. "Mukhwana ako sawa. Mulongo ndiye shida. Ni mwembamba, hana nguvu, na anakula chakula ya mwenzake."

"Sasa utafanya nini?"

"Mulongo atoke. Kesho. Nikiacha wote wawili nitapoteza wote wawili."

"Si umhamishe tu, umpeleke pahali pengine?"

"Nikimvuta nitaumiza mwenzake, wameshikana sana. Dawa ni makasi. Namkata hapa shingoni mara moja, imeisha."

Baba alicheka. "Wewe dada uko na roho ngumu. Haya, fanya vile unajua."

Mtu mzima angeelewa papo hapo. Senge alikuwa ametia mbegu mbili katika kila pakiti, kama watu wengi wafanyavyo, ili moja isipoota nyingine iwepo. Zilipoota zote, ile iliyotangulia akaiita Mukhwana na iliyofuata akaiita Mulongo, kwa mapenzi yake kwetu, kwa upweke wake pia nadhani. Na mkulima akiwa na miche miwili mahali pamoja, hubakiza ulio na nguvu na kuukata mwingine kwa makasi, kwa kuwa akiung'oa atatikisa mizizi ya mwenzake. Lakini mimi sikuwa nimewahi kusikia mche ukiitwa jina la mtu. Mulongo niliyemjua alikuwa mmoja tu, na baba yetu alikuwa ameshakubali.

Sikula. Mama alinigusa paji la uso akasema sina homa. Nilitaka kumwambia, lakini Baba alikuwa pale pale akitafuna, na nilimtazama taya zake zikienda juu na chini nikaona kwamba hata yeye simjui.

Jumamosi asubuhi Baba alikwenda ofisini nusu siku kama kawaida. Mama alikuwa nyuma anafua, na maji ya kuchemshia nguo nyeupe yalikuwa yanatokota jikoni. Nilikuwa nimekusudia nisimwache Mulongo hata kidogo, lakini Mama akanituma dukani kwa Mhindi nikanunue maziwa. Nilikimbia kwenda, nikakimbia kurudi. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Nikaweka sikio, nikasikia makasi, kwacha, kisha sauti ya Senge, tulivu kama kawaida yake.

"Kata, Mulongo. Hapo shingoni. Kata."

Baadaye shuleni walitufundisha kwamba kuna alama inaitwa mkato, na kwamba sentensi yaweza kubadilika kabisa kwa ajili yake. Sikio la mtoto aliyekwisha kuogopa halisikii mkato. Nilisikia: kata Mulongo. Maziwa yaliniponyoka, pakiti ikapasuka sakafuni, nami nikakimbia hadi nyuma nikipiga kelele kwamba Senge anamkata Mulongo shingo na makasi, na kwamba Baba amekubali.

Mama hakuniuliza swali hata moja. Nimelifikiria sana hilo. Mtu hukimbia bila kuuliza pale anapoambiwa jambo alilokuwa analingoja.

Aliusukuma mlango kwa mikono iliyojaa povu. Mulongo alikuwa amesimama mbele ya meza, ulimi nje kwa umakini, jua lote la dirisha juu yake, makasi ya kushonea mkononi. Senge alikuwa pembeni anapanga pakiti zilizokwisha, mgongo kwake. Sakafuni kulitapakaa vishina vya kijani. Mimi nilichungulia chini ya kwapa la Mama, nikaona shingo ya dada yangu nzima, haina hata mkwaruzo. Nikaelewa. Nataka ijulikane kwamba nilielewa saa ile ile.

"Mnafanya nini?" Mama akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kushuka, na nadhani mambo yangeishia hapo.

"Tunapunguza," Senge akasema, akigeuka na tabasamu. "Walikuwa wawili wawili. Mulongo anatoka, Mukhwana anabaki."

"Nani anatoka?"

"Ni jina tu, Mama Mapacha. Huyu wa kwanza nimeita Mukhwana, huyu mdogo nimeita Mulongo. Ni mchezo yetu na mtoto."

Senge alidhani anajitetea. Kumbe alikuwa anajimaliza. Mama alisimama wima, povu linadondoka kutoka kwenye vidole vyake.

"Umechukua jina ya mtoto yangu," akasema polepole, "mtoto mgonjwa, ukaiweka kwa kitu. Umeichoma mchanga yake kwa sufuria yangu. Halafu umempatia makasi akate jina yake mwenyewe. Mara ngapi? Mara sitini?"

Senge alifungua kinywa. Naapa kwamba mpaka wakati ule hakuwa ameliona jambo lile kwa upande huo. Aliinama akaokota vishina viwili vitatu sakafuni, labda aonyeshe kwamba ni mimea tu. Alivitazama. Akatazama pakiti. Kisha akamtazama Mulongo kwa muda mrefu, na Mulongo naye akamtazama bila kupepesa. Senge akafumba kinywa, akaviweka vile vishina mfukoni mwa aproni yake. Niliona na nikasema moyoni, huyo, ameficha kitu.

"Si nilikuambia?" Mama Wairimu alikuwa ameshafika dirishani kwa nje. "Si nilisema? Ilianza na mchanga!"

Mama alikwenda jikoni akarudi na sufuria ya maji ya moto. Aliyamwaga kwenye karai la kwanza, akaenda akarudi, akamwaga kwenye la pili, mpaka yote yakaisha. Miche haikufa kwa kelele. Ililala tu, mmoja baada ya mwingine, na chumba kikajaa harufu ya nyanya zilizochemshwa. Senge alikaa kitandani mikono mapajani. Mulongo hakulia. Alikuwa bado ameshika makasi.

Baba aliporudi mchana tuliketi sebuleni sote. Alisikiliza upande wa Mama, akasikiliza upande wa Senge, akaeleza kwamba yeye mwenyewe alikuwapo na kwamba mazungumzo yalikuwa ya nyanya. Mama akasema kama ni ya nyanya, mbona mtoto alisikia mengine? Ndipo Baba akaniita katikati ya zulia.

"Mukhwana. Sema ukweli. Senge alisema atakata Mulongo wa mchanga ama Mulongo huyu dada yako?"

Nilimtazama Mama. Alikuwa amenikazia macho, na mikono yake ilikuwa myekundu kwa maji ya moto. Nilijua kwamba nikisema ni miche, Mama atakuwa ameua miche sitini bure kwa sababu yangu. Na nilijua pia kwamba nikisema ni dada yangu, Senge ataondoka, Mulongo atabaki, na kila kitu kitarudi kama zamani.

"Huyu," nikasema, nikamwonyesha kidole.

"Huyu?"

"Huyu."

Baba alivua miwani yake, akaifuta, hakuivaa tena.

Senge aliondoka Jumatatu kurudi Bungoma, kwa mama yake. Mlangoni alimwambia Mama, bila hasira, "Mimi nilikuwa natafuta njia ya kutoka kwa nyumba yako, si ya kuingia." Mimi aliniaga kwa kunishika kichwa na kuniombea baraka kama siku zote, jambo ambalo lilinitia shaka zaidi kuliko kama angenipiga. Baba alikwenda mwenyewe Kitisuru kumwambia yule mama kwamba miche haitafika. Alirudi kwa miguu, vumbi mpaka magotini, akaenda kulala bila kula.

Na kila kitu hakikurudi kama zamani. Pazia lilifungwa na halikufunguliwa. Mulongo alirudi kwenye sweta zake mbili, mluzi ukarudi kifuani, na mvua ilipoanza ulikuwa mkali kuliko nilivyowahi kuusikia. Hakunigombeza. Alinijibu nilipomuuliza kitu, alinipisha kitandani, aliniachia kipande kikubwa cha chochote tulichogawana. Alikuwa mpole kwangu kama mtu anavyokuwa mpole kwa mgeni. Kisha siku moja mezani akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba anataka kwenda nyumbani kwa Senge.

Mama alikataa, akakataa tena. Mulongo hakubishana, aliacha tu kula. Shule zilipofungwa Desemba, Baba akasema anampeleka kwa Kukhu, yaani bibi yetu, na Mama akalia lakini akamfungia nguo zake, kwa sababu kwa Kukhu si kwa Senge, ingawa sote tulijua ni boma moja.

Tuliwasindikiza mjini mpaka stendi. Utingo walikuwa juu ya paa la basi wakifunga magodoro kwa kamba, na Mama alikuwa anabishana na mmoja wao kuhusu sanduku. Mulongo alikuwa ameshaketi dirishani. Nilipanda kwenye ukingo wa gurudumu, nikashika dirisha, nikamwambia kwa haraka yote niliyokuwa nimeyabeba tangu Septemba: kwamba nilijua ni miche, kwamba nilimdanganya Baba, kwamba nilifanya vile ili asichukuliwe, na kwamba tafadhali asiende.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Yote. Nilikuwa pale." Alikuwa anamenya ndizi, polepole, akitoa nyuzi moja moja. Aliinua macho akanitazama. "Senge aliniambia nikate Mulongo. Sikukata Mulongo hata mmoja."

Sikuelewa. Nilimwambia kwamba niliona vishina sakafuni, vingi.

"Walikuwa Mukhwana," akasema. "Nilikata Mukhwana wote. Senge aliona. Hakusema."

Basi likanguruma. Baba alikuwa anapanda mlangoni, Mama ananivuta sketi nishuke, na dada yangu akauma ndizi yake akanipungia mkono, ametulia kabisa, jua la asubuhi usoni mwake. Miezi yote ile nilikuwa namwogopea Mulongo. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilimwogopa.